Maswali ya Wasomaji: Ufa Ubavuni mwa Bloki

SWALI: Mhariri, nina Land Rover Series III ya petroli, yenye injini ya lita 2.25, ambayo bado inanibebea maziwa na majani ya ng'ombe kati ya Kibosho na Moshi mjini. Hivi karibuni ilichemsha kwenye mlima, na kijana aliyekuwa akiiendesha akaijaza rejeta maji baridi ya mfereji papo hapo. Tangu siku hiyo maji yanavuja ubavuni mwa bloki, yaani mwili mkuu wa injini, kwenye ufa unaokaribia urefu wa kidole. Fundi mmoja anataka kuuchomelea kwa umeme bila kuishusha injini. Mwingine ananishauri niitupe, nifunge injini ya Kijapani iliyotumika. Nimfuate yupi? (Mwalimu mstaafu, Kibosho)

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Kwa sasa usimfuate hata mmoja, kwa sababu wote wawili wametoa hukumu kabla ya kujua ufa unaanzia wapi na unaishia wapi. Ukuta wa nje wa njia za maji zilizomo ndani ya bloki haubebi nguvu ya mlipuko wa petroli. Unabeba shinikizo la maji peke yake, ambalo kwa gari kama lako ni karibu psi 9, yaani takriban theluthi ya upepo unaojazwa kwenye tairi. Ufa ulioko hapo unatengenezeka. Ufa ulioingia ndani ya silinda unahitaji bloki ichongwe na silinda ivikwe silivu, yaani bomba jipya la chuma, na ule uliofika kwenye makao ya beringi za krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, kwa kawaida ndio mwisho wa bloki hiyo.

Anza na uchunguzi usiogharimu kitu. Chomoa kijiti cha kupimia oili. Ikiwa oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yamekwisha kuingia ndani, na gari lisiwashwe tena hata kwa kulisogeza uani. Kama oili ni safi, fungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa baridi, iwashwe, kisha utazame maji: mapovu yasiyokoma ni dalili kwamba moshi wa silinda unapenya kwenye njia za maji, na baada ya gari kuchemsha, wa kwanza kushukiwa ni gasketi ya silinda hedi, yaani kizuizi kati ya bloki na kifuniko chake cha juu, wala si bloki. Zaidi ya hayo, ubavuni mwa injini hiyo kuna vizibo vya duara vya bati vilivyopigiliwa kwenye matundu ya bloki. Vikiliwa na kutu huvujisha maji yanayotiririka juu ya chuma chenye masizi na oili, na mstari wake kwa macho tu unaweza kudhaniwa kuwa ufa. Kubadilisha kizibo ni kazi ndogo mno kulinganisha na haya tunayoyajadili.

Kama ni ufa kweli, ncha zake hazionekani kwa macho matupu, na fundi anayeziba sehemu inayoonekana tu atakuachia kazi nusu. Zipo rangi nyekundu za kupenyeza zinazouzwa kwa kazi hiyo, lakini njia ya zamani bado inafaa: safisha chuma mpaka king'ae, paka mafuta ya taa, subiri, futa mpaka pakauke, kisha nyunyiza unga wa chaki, kitu ambacho nyumba ya mwalimu haikikosi. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatatoka na kuuchora kwenye chaki tangu ncha hadi ncha.

Sasa nije kwenye mashine ya umeme. Bloki yako ni ya chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, chenye kaboni ya asilimia 2.5 hadi 4, ilhali chuma laini cha mageti na madirisha hakifikii hata asilimia 0.3. Ukikichoma kwa vijiti vya kawaida, sehemu iliyo kando ya mshono hupata joto la ghafla na kupoa ghafla, kaboni yake hufanya chuma kiwe kigumu na chepesi kuvunjika, na mshono unapojikunja kwa kupoa, ufa mpya hufunguka sambamba na ule wa zamani. Ndiyo maana mtu huondoka gereji akiwa na ufa wa kidole na kurudi akiwa na ufa wa shubiri.

Kuchomelea kwa usahihi kunawezekana, ila si kando ya barabara. Injini hufunguliwa yote, bloki husafishwa mpaka oili iliyonywewa na chuma itoke, ikapashwa joto nzima kufikia nyuzi mia kadhaa za Selsiasi, ikachomelewa kwa vijiti vya nikeli, kisha ikaachwa ipoe polepole sana ikiwa imefukiwa kwenye majivu au mchanga mkavu. Baada ya hapo uso wa bloki, silinda na mstari wa krenki hupimwa upya, kwa kuwa joto hilo linaweza kuupinda. Kwa ufa wa ukuta wa nje, ninaona gharama hiyo haina sababu.

Kazi ninayokushauri ni kuushona ufa kwa skrubu bila moto wowote. Fundi hutoboa tundu kwenye kila ncha ili ufa usiendelee kutembea, kisha hufuata mstari mzima: anatoboa, anakata uzi, anakaza skrubu ya chuma laini iliyopakwa dawa ya kuzibia, anaikata usawa wa ukuta, na tundu linalofuata analitoboa likiila kidogo skrubu iliyotangulia. Mwishoni ufa wenyewe haupo tena. Umebaki mnyororo wa skrubu zilizoshikana, ambazo hugongwa taratibu kwa nyundo ndogo ili zijibane. Kwa kuwa hakuna joto, hakuna kilichopinda. Kazi hii inataka subira na keekee inayoshikwa wima, na kwa maoni yangu fundi mtulivu wa karakana ya kukereza ataiweza kuliko mchomeleaji hodari. Kabla ya kumlipa, mfumo wa maji ujazwe na kupimwa kwa pampu kwa psi 15, uachwe, na mshale wa geji usishuke.

Gundi ya chuma ya kuchanganya mbili nayo huziba ukuta wa nje, mradi ncha zimetobolewa na chuma kimekwaruzwa na kusafishwa oili yote. Lakini ichukulie kuwa ya kukuvusha msimu.

Kuhusu injini ya Kijapani, kumbuka adapta ya kuiunganisha na giaboksi, vishikio vipya, na kadi ya gari: namba ya injini imegongwa kwenye bloki, hivyo mabadiliko hayo lazima yapelekwe TRA, yaani Mamlaka ya Mapato. Hilo linahusu pia bloki kuukuu ya Land Rover utakayoinunua.

SWALI: Gari langu halichemshi kwenye njia ya Moshi, lakini likipanda kingo za Ngorongoro linachemsha. Je, unga wa kuziba rejeta utasaidia? (Msomaji, Njiro, Arusha)

JIBU: Hautasaidia, na unaweza kuziba mirija myembamba ya rejeta ambayo pengine tayari ina magadi. Maji ya wazi huchemka kwa takriban nyuzi 95 mjini Arusha, na kwa takriban nyuzi 92 kwenye kingo za kreta, zilizo karibu mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Shinikizo la kifuniko kizima hupandisha kiwango hicho kwa zaidi ya nyuzi 10. Mpira wake ukichoka, unafuu wote huo unapotea, na gari huchemka mahali ambapo injini inavuta kwa nguvu zaidi. Badilisha kifuniko kwanza, ndipo uoshe rejeta. Likichemsha tena njiani, subiri lipoe kabla ya kugusa kifuniko, kisha uongeze maji ya uvuguvugu kidogo kidogo injini ikiwa inaunguruma taratibu.