Maswali ya Wasomaji: Wanafunzi Wapya wa Besi Wanataka Nini Masomo Yanapohamia Mtandaoni?

SWALI: Ndugu Mwandishi wa safu hii, mimi hufundisha gitaa la besi mjini Morogoro. Kundi langu la mwisho la wanaoanza limemaliza kozi ya ana kwa ana, na sasa wengi wao, ambao wamerudi makwao na vyuoni, wameniomba tuendelee kwa njia ya intaneti. Nimewaandalia mpango wenye skeli (ngazi za noti) zote kubwa na ndogo, usomaji wa noti, pamoja na mtindo wa kupiga kwa gumba, yaani kuugonga uzi kwa kidole gumba. Kabla ya kuanza niliwauliza wanataka nini, na majibu yao yamenichanganya. Mmoja alisema anataka nyimbo tu. Mwingine alisema anataka nimsikilize. Wa tatu, ambaye hupiga katika kwaya ya kanisa, anataka kujua afanye nini pale mwimbaji anapoanzisha wimbo bila kutaja ufunguo, yaani noti ambayo wimbo umejengwa juu yake. Hakuna hata mmoja aliyetaja skeli. Je, nishike mpango wangu au nifuate matakwa yao?
Mwalimu wa besi, Morogoro

JIBU: Ndugu Mwalimu, fuata matakwa yao. Nasema hivyo kwa sababu ukiyatazama kwa makini utaona kwamba yanadai kazi kubwa kuliko mpango ulioandaa, na kwamba karibu kila ulichokiweka kwenye mpango huo kitapata nafasi yake humo humo, kwa wakati ambao mwanafunzi anakihitaji.

Tuanze na huyo anayetaka nyimbo. Mwanafunzi aliyemaliza kozi ya kwanza kwa kawaida anajua kulishika gitaa, anazifahamu nyuzi zake nne, yaani E, A, D na G, na anaweza kupiga vipande vifupi ulivyomfundisha. Jambo ambalo mara nyingi hajawahi kulifanya ni kuuanza wimbo na kuufikisha mwisho bila kusimama. Kwa hiyo somo lako la kwanza la mtandaoni liwe wimbo mmoja mzima wenye kodi tatu (makundi ya noti zinazolia pamoja), ambao umeurekodi wewe mwenyewe kwa mwendo wa polepole, kisha wa kati, kisha wa kawaida. Ukiuweka kwenye ufunguo wa G, mkono wake hautahitaji kuhama hata kidogo kwenye freti, yaani vile vyuma vinavyoigawa shingo ya gitaa: G iko kwenye freti ya 3 ya uzi wa E, C iko kwenye freti ya 3 ya uzi wa A, na D iko kwenye freti ya 5 ya uzi huohuo wa A. Mwagize apige noti ya msingi ya kila kodi, ile inayoipa kodi jina lake, peke yake, mapigo manne kwa manne, mpaka wimbo uishe. Kazi hiyo inaonekana nyepesi, lakini kufikia dakika ya tatu bega huwa limekakamaa, mawazo yamehama, na kiitikio kinaingia yeye akiwa bado kwenye ubeti. Hapo ndipo anapohitaji mwalimu, na hakuna skeli itakayomsaidia hapo.

Wimbo wenyewe uwe ule anaoujua tangu utotoni. Kijana aliyekulia kwenye nyumba inayopiga rekodi za bendi za dansi kama Msondo Ngoma au Mlimani Park tayari anajua, bila kufundishwa, kwamba sehemu ya maneno huenda kwa utulivu na kwamba ikifika sehemu ya kuchangamka besi hubadili kazi. Aliyekulia kwenye benga anajua jinsi besi inavyojibizana na gitaa la solo. Maarifa hayo yamo masikioni mwake, na wewe kazi yako ni kuyahamishia vidoleni.

Sasa nije kwa yule aliyesema anataka umsikilize, kwa sababu nadhani ndiye aliyesema kwa niaba ya wote. Video za kufundisha besi zimejaa YouTube, nyingi ni za bure, na baadhi ni nzuri sana. Kitu ambacho video haiwezi kufanya ni kumsikia mwanafunzi. Kama masomo yako ya kuendelea yatakuwa video nyingine tena, atakulipa mwezi mmoja kwa heshima, kisha atapotea. Mpe nafasi ya kurekodi dakika moja au mbili kila wiki, simu ikiwa imeegemezwa mahali ambapo mikono yote miwili inaonekana, akutumie, nawe umjibu kwa jambo moja tu la kurekebisha. Ukimtajia mambo sita atajaribu yote na hatamaliza hata moja.

Katika rekodi hizo utakutana mara kwa mara na makosa matatu. La kwanza ni urefu wa noti. Wanaoanza hujali noti inaanza lini na husahau kwamba lazima pia iishe. Matokeo yake ni kwamba noti moja inaburuzwa mpaka inaingia juu ya nyingine, na wimbo unakosa pumzi. Mwonyeshe jinsi ya kuikata kwa kulegeza kidole cha mkono wa kushoto bila kukibandua kwenye uzi. La pili ni nyuzi zisizopigwa kuachwa zikivuma. Anapopiga uzi wa A, gumba la mkono wa kulia liegemee uzi wa E ili liunyamazishe, na akihamia D gumba lishuke naye. La tatu ni vidole vya mkono wa kushoto kulazimishwa kukaa kimoja kimoja kwenye freti nne za mwanzo. Besi nyingi zina uzi wa urefu wa inchi 34, na hivyo nafasi ya freti ya kwanza ni takriban milimita 48, wakati kwenye gitaa la kawaida ni kama milimita 36 tu. Mkono mdogo unaumia bure hapo. Afadhali atumie kidole cha shahada, cha kati, kisha cha pete na cha mwisho vikibonyeza pamoja, mpaka atakapopanda juu ya shingo ambako freti zinakaribiana. Mambo haya matatu hayaandikiki kwenye mpango wa masomo kwa tarehe. Yanaonekana pale tu unapomtazama mtu mmoja akipiga.

Kuhusu mpiga besi wa kwaya, huyo ameshika ufunguo wa somo ambalo wewe ulitaka kulianza kinyumenyume. Kwaya nyingi za makanisa yetu hujifunza nyimbo kwa sol-fa, kwa hiyo do, re, mi anazo kichwani tayari. Mfundishe kwamba do ikishapatikana kwenye uzi wa E, fa iko kwenye freti ileile ya uzi wa A, na so iko freti mbili mbele ya hapo. Ni umbo moja, popote anapoanzia. Kuipata do kwenyewe kunahitaji zoezi: amwache mwimbaji amalize mstari wa kwanza, aisikilize noti ambayo wimbo unatulia juu yake, aivumishe kooni, kisha aitafute kwenye uzi wa E kuanzia uzi ukiwa wazi hadi freti ya 11, ambako sauti zote kumi na mbili zimo. Nyimbo zinazotulia kwenye noti ya la, yaani za skeli ndogo, zisubiri kwanza.

Zoezi hili linafaa mtandaoni kuliko hata darasani. Imba mistari miwili kwa sauti yoyote unayojisikia, itume kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp, naye akujibu kwa kutaja freti. Halili bando kubwa, halihitaji wote wawili kuwa hewani kwa wakati mmoja, na linaweza kufanyika kila siku. Baada ya muda atakuuliza mwenyewe noti zilizo kati ya do na fa ni zipi, na siku hiyo utaifundisha skeli yako kubwa kwa mtu anayeitaka.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, Tanga. Nalipia masomo ya besi ya moja kwa moja kwa simu ya video. Mwalimu wangu akipiga nyuzi nene sisikii kitu, na tukipiga pamoja ananiambia nimechelewa, ingawa mimi nasikia tuko sawa. Zaidi ya hayo, sina amplifaya. Je, niache mpaka nipate fedha za darasa la ana kwa ana?
Binti wa Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiache, kwa kuwa hakuna hata moja kati ya hayo linalotokana na mikono yako. Uzi wa E ukiwa wazi hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde, na spika ndogo ya simu haiwezi kutoa sauti ya chini kiasi hicho. Unachokisikia, ukisikia, ni zile sauti za juu zinazoambatana nayo. Tumia hedifoni za waya. Zisizo na waya huongeza ucheleweshaji, na huo tayari unao wa kutosha. Vilevile programu nyingi za mikutano huchuja kelele, na noti ndefu ya besi huichukulia kuwa kelele. Zoom, kwa mfano, ina mpangilio maalumu wa wanamuziki unaoiacha sauti kama ilivyo. Mwombe mwalimu wako auwashe kabla ya kipindi.

Suala la kuchelewa ni la mtandao. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika una nusu sekunde kati ya pigo na pigo. Sauti ikichukua milisekunde 125 kusafiri kutoka kwake hadi kwako, tayari imepotea robo ya pigo, na noti yako inapomrudia imepotea robo nyingine. Wewe unamfuata sawasawa. Yeye anakusikia uko nusu pigo nyuma. Kwa hiyo msipige pamoja hewani. Akutumie rekodi mapema, uipige kwako huku ukiisikiliza, naye akusikilize amenyamaza, au umtumie video baada ya kipindi.

Kwa kukosa amplifaya, egemeza pembe ya juu ya mwili wa gitaa kwenye mlango wa kabati la mbao huku ukipiga. Mbao itaipokea sauti na kuikuza kiasi cha kukutosha kwa mazoezi ya chumbani.

SWALI: Nimepiga besi kwa miezi michache na nataka mwalimu wangu wa mtandaoni anifundishe kupiga kwa gumba. Yeye anasema nisubiri. Nani ana haki?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Mwalimu wako. Mtindo huo unahusishwa zaidi na Larry Graham wa Marekani, ambaye katika miaka ya 1960 alipiga pamoja na mama yake bila mpiga dramu, akalifanya gumba lishike kazi ya dramu ya mguu na uvutaji wa nyuzi ushike kazi ya sneya, yaani dramu ndogo yenye mlio mkali. Hivyo asiyeijua kazi ya dramu hana anachokiiga. James Jamerson, aliyepiga besi katika rekodi nyingi za kampuni ya muziki ya Motown kule Detroit, alitumia kidole cha shahada peke yake kwa mkono wa kulia, na wapiga besi wanamsoma hadi leo.

Tafuta programu ya dramu ya simu, weka mapigo 70 kwa dakika, dramu ya mguu kwenye pigo la 1 na la 3, sneya kwenye la 2 na la 4. Piga noti yako pamoja na dramu ya mguu, na uikate pale pale sneya inapolia. Ukiweza kufanya hivyo kwa wimbo mzima, mtumie mwalimu wako rekodi hiyo pamoja na ombi lako la gumba, na akikubali, anzeni na uzi wa E peke yake.