Mfuate Mtoto Mmoja: Namna ya Kuithibitisha Elimu Jumuishi Mbele ya Wathibiti Ubora

Nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya kijijini, mkoani Lindi, katika miaka ile ambayo ukaguzi wa shule ulianza kuitwa uthibiti ubora, na ninakumbuka vizuri tulivyojiandaa kwa tathmini ya jumla ya kwanza chini ya utaratibu huo mpya. Tulipaka chokaa mawe ya njia ya kuingilia, tukapanga majalada, tukabandika ofisini bango lenye maneno "Elimu Jumuishi kwa Wote", na katika fomu ya kujitathmini tukaandika kwamba shule ina wanafunzi saba wenye mahitaji maalumu na kwamba wote wanahudumiwa ipasavyo. Mthibiti aliyepangiwa kukagua upande huo wa elimu jumuishi, mama mmoja mtu mzima mwenye sauti ya upole, alilisoma bango, akaisoma fomu, kisha akaniambia, "Mwalimu, naomba majina ya hao saba, halafu twende tukawaone."

Tuliwapata wanne. Mmoja alikuwa amehama na wazazi wake, na wawili hawakuwa wamefika shuleni kwa majuma kadhaa bila mwalimu yeyote kwenda nyumbani kwao kuuliza. Ile idadi ya saba tuliinakili kutoka kwenye takwimu za mwaka uliotangulia. Miongoni mwa wale wanne alikuwamo mvulana wa Darasa la Tano mwenye uoni hafifu, aliyeketi dawati la tatu kutoka nyuma. Yule mama alikaa kando yake kipindi kizima cha Sayansi, na baadaye akaniletea madaftari mawili, la mvulana huyo na la jirani yake. Tarehe ilikuwa imekosewa katika yote mawili, kwa kosa lilelile, na neno "usanisinuru" lilikuwa limepungukiwa na silabi ileile. Mtoto hakuwa akiona ubaoni hata kidogo. Alikuwa akinakili kutoka kwa mwenzake, makosa kwa usahihi, huku mwalimu wa somo akitia alama ya vema ukurasa baada ya ukurasa.

Sijapata kuyasahau madaftari yale. Sasa nimestaafu, na kila ninapoombwa na mwalimu mkuu nikaisaidie shule yake kujiandaa, ninaanza na habari hiyo, kwa sababu ushauri wangu wote umetokana nayo: miezi kadhaa kabla ya wathibiti kufika, mchague mtoto mmoja ambaye shule yako ingeweza kumsahau kwa urahisi, umfuate kutoka kwenye daftari la uandikishaji hadi kwenye daftari la mahudhurio, kutoka kwenye dawati lake hadi kwenye madaftari yake ya mazoezi, na kutoka kwenye matokeo yake ya muhula hadi kwenye muhtasari wa kikao ambacho mzazi wake aliitwa. Pale kumbukumbu zinapokatika ndipo pa kuanzia kazi. Ukimaliza, mfuate wa pili, na wa tatu. Shule iliyowafuata watoto watano kwa namna hiyo ina ushahidi mwingi kuliko shule yenye majalada kumi mapya.

Kuwatambua watoto wenyewe hakuhitaji fedha nyingi. Sisi tuliandika herufi za ukubwa tofauti ubaoni, tukamwita kila mtoto asome akiwa nyuma ya darasa, na ili kupima usikivu tukasimama nyuma yake na kutamka maneno kwa sauti ya chini ili ayarudie. Waliotutia shaka tuliwaandikia barua ya kwenda kituo cha afya, na nakala za barua hizo tukazihifadhi. Yule mvulana alihamishiwa dawati la mbele, pembeni mwa dirisha, mahali ambapo mwanga haukumpiga usoni, na mwalimu wake akajizoeza kutamka kila anachokiandika. Kumbukumbu za namna hii zina kazi kubwa kuliko kumridhisha mthibiti, kwani Baraza la Mitihani la Tanzania huandaa karatasi zenye maandishi yaliyokuzwa kwa watahiniwa wenye uoni hafifu, lakini ni lazima shule iwe imeonyesha mahitaji ya mtoto wakati wa usajili. Mtoto ambaye hakuandikwa popote huingia katika chumba cha mtihani na karatasi ambayo hawezi kuisoma.

Andalio la somo nalo lisitupiwe macho juu juu. Nimesoma maandalio mengi yenye sentensi "nitazingatia wanafunzi wenye mahitaji maalumu", imenakiliwa siku hadi siku, somo hadi somo. Mthibiti mzoefu akiiona mara ya tatu haisomi tena. Afadhali mwalimu aandike atakachokifanya hasa: kwamba ataeleza kwa sauti mchoro unaochorwa ubaoni, au kwamba mwanafunzi mwenye uziwi ataketi mahali anapouona uso wa mwalimu, na kwamba mwalimu hatazungumza akiwa amegeukia ubao. Maneno hayo yanaweza kuthibitishwa mthibiti anapoingia darasani dakika kumi baadaye.

Upande wa majengo nitausema kwa kifupi. Kiwango kinachotumika Tanzania ni tundu moja la choo kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25, na shule nyingi huandika uwiano huo kwa kuhesabu matundu yote, hata yaliyofungwa au yasiyo na mlango. Hesabu yanayotumika. Katika shule moja niliona njia ya mteremko iliyojengwa vizuri kwa saruji, ila iliishia kwenye kizingiti cha urefu wa shubiri moja, na hakuna kiti mwendo kinachoweza kukiruka. Mwombe mtoto anayeitumia njia hiyo atoke getini hadi darasani na kutoka darasani hadi chooni bila kusukumwa, nawe utembee nyuma yake ukiwa kimya.

Jambo ambalo ningependa walimu wakuu walitazame kwa makini zaidi ni uji. Tangu Januari 2016, elimumsingi katika shule za umma inatolewa bila ada na bila michango ya lazima, na chakula cha shuleni hutegemea makubaliano ya wazazi wenyewe. Katika shule nyingi makubaliano hayo hugeuka kimyakimya kuwa kwamba mtoto ambaye mzazi wake hakuchangia hanywi. Saa nne asubuhi wenye vikombe hupanga foleni, na wasiochangiwa husimama chini ya mwembe wakijifanya wanacheza. Mthibiti yeyote mwenye macho huliona hilo wakati wa mapumziko, na hakuna waraka wa sera utakaoweza kulifunika. Shuleni kwangu tulilipeleka kwa kamati ya shule, na mjadala ulikuwa mkali, kwa kuwa wazazi waliochangia waliona wanawabeba wengine. Hatimaye tukakubaliana kwamba kila kaya itoe kwa kadiri ya mavuno yake, asiye na mahindi alete kuni au afanye kazi katika shamba la shule, na kwamba mtoto yeyote asiulizwe chochote kwenye foleni. Makubaliano hayo yaliandikwa katika muhtasari wa kikao na kutiwa saini. Mahudhurio ya watoto wa kaya maskini yalipoongezeka, tulikuwa na muhtasari wa kikao na daftari la mahudhurio vya kuwekwa mezani kwa pamoja, na hiyo ndiyo maana ya usawa ninayoielewa: kumpa kila mtoto kile kitakachomwezesha kubaki shuleni na kujifunza, hata kama mgawo haulingani.

Kuna kitabu kingine ambacho walimu wengi hawafikirii kwamba kinahusu usawa, nacho ni kitabu cha adhabu. Kanuni za mwaka 2002 zinataka viboko, ikiwa vitatolewa, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, visizidi vinne, na viandikwe. Niliposoma kitabu chetu kwa utulivu, nilikuta majina yaleyale yakijirudia, na karibu yote yalikuwa ya watoto wa kitongoji cha ng'ambo ya mto, ambao masika waliwasubiri watu wazima wa kuwavusha. Tulikuwa tukiwaadhibu kwa sababu ya mto. Tulibadili utaratibu wa kuwapokea wanaochelewa, na mabadiliko hayo tukayaingiza katika Mpango wa Maendeleo ya Shule. Fanyeni vivyo hivyo kwa wasichana waliokatiza masomo: Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 umefungua mlango wa kurejea, kwa hiyo mbele ya jina lililoandikwa "mtoro" pawepo tarehe ya mwalimu kwenda nyumbani, na jibu alilopewa.

Siku ya ugeni ikifika, nawasihi msiwapange watoto wenye ulemavu mstari mmoja ili waonekane. Mtoto mwenye ualbino aliyeitwa mbele ya wageni kuthibitisha kwamba shule inampenda amedhalilishwa, na wathibiti wazuri hulichukulia hivyo. Majalada yenye taarifa za afya yafungiwe, yatolewe kwa anayehusika tu. Msiwafundishe wanafunzi majibu pia, kwa sababu watoto watahojiwa bila mwalimu kuwapo, na mtoto aliyekaririshwa hujulikana katika swali la pili. Yale ambayo hamjayaweza, yaandikeni wenyewe katika fomu ya kujitathmini, pamoja na jina la anayeyashughulikia na tarehe. Ukosefu wa mwalimu wa lugha ya alama si aibu ya shule. Kuuficha, wakati kuna mtoto kiziwi anayekaa darasani kutwa nzima bila kuelewa neno, ni kosa.

Yule mama alirudi mwaka uliofuata kufuatilia mapendekezo. Bango lilikuwapo bado, lakini hakulitazama. Aliomba daftari la Sayansi la mvulana yule, ambaye sasa alikuwa Darasa la Sita, akalifungua juu ya meza yangu. Maandishi yalikuwa makubwa na yamepinda, tarehe ilikuwa sahihi, na makosa matatu yaliyokuwamo katika zoezi la juma lile hayakuwamo katika daftari la mtoto mwingine yeyote.