Barua kwa binti yangu anayefundisha muziki Kasulu

Kanyenye, Tabora

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Sisi hatujambo, mama yako anakusalimu na anauliza kama blanketi moja linatosha kwa baridi ya huko. Umeniuliza mambo mawili: uanzie wapi na Kidato cha Pili chenye wanafunzi 62 na kinanda kimoja ambacho vitufe vingine vimekufa, na uwafanye nini wale wavulana ambao wenzao wanasema hawana sikio. Naanza na hili la pili, kwa sababu ukilikosea, la kwanza halitakufikisha popote.

Sikio wanalo. Ufunguo, yaani kimo ambacho wimbo umewekwa, ndio uliowekwa pabaya. Wengi wao wana miaka 14 au 15, sauti zinabadilika, na zikimaliza kubadilika zitakuwa zimeshuka kama oktava nzima, yaani kutoka noti moja mpaka ile ya jina lile lile iliyo chini yake. Katikati hapo mtoto anabaki na noti chache tu zinazomtii: za juu zimeshamkimbia, za chini hazijafika. Na wewe, mama, ni mwanamke. Unasimama mbele, unatoa do, noti ya kwanza ya ngazi ya do re mi fa so la ti, kwenye C ya kati, ile ya katikati ya kinanda, unasema “haya, fuateni.” Wasichana wanafuata. Mvulana ambaye sauti imeshakuwa nzito anatakiwa aipokee oktava moja chini, ila hakuna aliyemwambia hivyo. Anajikaza kukufuata hapo hapo ulipo, anakwama, anadondokea noti yoyote iliyo jirani na kuing’ang’ania hiyo hiyo mpaka wimbo unaisha. Darasa likishacheka, wiki ijayo atakuwa anachezesha midomo tu.

Wapime. Wape darasa kazi ya kunakili ubaoni, halafu mwite mvulana mmoja mmoja pembeni kwenye kinanda. Dakika moja kwa mtu inatosha. Asianze kwa kuimba, ataogopa. Mwambie ahesabu moja mpaka saba kwa sauti yake ya kuongea, na ile “ba” ya mwisho aivute. Itafute noti hiyo kwenye kinanda. Mara nyingi huwa juu ya noti yake ya chini kabisa kwa nusu toni (hatua ndogo kabisa ya kinanda) mbili mpaka nne, kwa hiyo hapo yuko nyumbani, hana shida. Kutoka hapo mpandishe polepole, noti moja moja, mpaka sauti ikwaruze. Kisha mshushe mpaka ibaki pumzi tupu. Andika kwenye daftari jina, noti ya chini, noti ya juu na tarehe. Baada ya miezi mitatu rudia, maana sauti ya umri huo inaweza kuhama ndani ya wiki chache, na aliyekuwa anaimba na wasichana mwezi wa pili anaweza kuwa hawezi kabisa mwezi wa tano.

Utapata makundi matatu. Wasichana pamoja na wavulana ambao bado hawajabadilika, walioko njiani, na walioshashuka. Kundi la kati ndilo linaloharibiwa na walimu wengi, kwa kulilazimisha liende juu au chini. Litungie mstari wake wenyewe wa noti tano tu, kutoka A iliyo chini ya C ya kati mpaka E iliyo juu yake. Karibu kila aliye njiani anazipata hizo bila kukunja uso. Na walioshashuka usiwape besi, sauti ya chini kabisa, ya kwaya ya watu wazima. Besi changa inaishia karibu na C ya oktava ya chini. Ukimdai G ya chini zaidi ataikoroma kooni, na huo ni mwanzo wa kuiumiza sauti. Wa kuwaonyesha wavulana noti zao asiwe wewe. Chagua mmoja wao ambaye sauti imetulia, wewe mpe yeye, yeye awape wenzake.

Sasa la kuanzia. Kinanda kipumzike, darasani utatumia uma wa sauti, kile chuma cha meno mawili kinachotoa noti moja, ninaokutumia kwa basi la Jumamosi. Unatoa A, mitikisiko 440 kwa sekunde. Ugonge kwenye goti, kamwe usiugonge kwenye ukingo wa dawati, kisha simamisha kitako chake juu ya meza na meza itaikuza sauti. Kutoka A hiyo moja unapata funguo zote unazohitaji. Ukiiita la, shuka mpaka do: uko C. Ukiiita so, do ni D. Ukiiita mi, do ni F. Ukiiita re, do ni G. Ukiiita ti, panda nusu toni tu, do ni B flati. Wimbo wa darasa zima usiozidi noti tano, do mpaka so, uweke kwenye B flati au C. Ukiuweka kwenye F kwa sababu wewe ndiko unakopendezwa, umerudi kule kule.

Noti usizifundishe kwa mpangilio wa ngazi. Anza na so na mi, siku mbili tatu hizo tu, kwa kuitana na kuitikiana, jambo ambalo hakuna mtoto wa Kasulu asiyelijua kutoka ngomani. Ongeza la, kisha re na do. Hizo tano hazina nusu toni kati yao, kwa hiyo hata makundi matatu yakiimba mistari tofauti kwa pamoja hazigombani. Fa na ti zije mwisho, maana ndizo zenye nusu toni, mi kwa fa na ti kwa do, na hapo ndipo darasa huteleza na wimbo kushuka ufunguo bila mtu kujua. Wakimaliza kuimba gonga uma tena, uwaonyeshe walipofika.

Ubaoni andika hivi:

| d :r | m :– | s :m | d :– ||

Herufi ni mwanzo wa jina la noti, d ni do, r ni re, na kadhalika. Nukta pacha ndiyo inayotenganisha mapigo, kistari ni kuendelea kushika. Wanafunzi watanakili herufi na kuacha nukta pacha, wakidhani ni pambo. Hilo likemee siku ya kwanza, kwa sababu bila nukta wana noti na hawana muda. Miguu ipige pigo, mikono ipige maneno. Usihesabu kwa kuongea peke yako.

Kuandika noti kwenye mistari mitano kusubiri muhula wa pili. Ukifika, wape kanuni moja: do ikikaa juu ya mstari, mi na so zinakaa kwenye mistari miwili inayofuata, do ikikaa kwenye nafasi, nazo ziko kwenye nafasi. Mengine watayapata njiani.

Wakianza kutunga, angalia mkazo. Neno la Kiswahili lina mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na silabi hiyo ndiyo iangukie pigo zito: “tutaimba” pigo liwe kwenye i, lisiwe kwenye tu. Ila wimbo wa Kiha, lugha ya huko Kasulu, usiuvishe maneno ya Kiswahili ukidhani umerahisisha. Kiha kina toni, yaani silabi zake zina kimo chake cha juu au cha chini, na kupanda na kushuka kwa wimbo kunafuata maneno yake. Ukibadilisha maneno, wazee wa huko watasikia kitu kilichopinda hata wasipokwambia.

Ngoma za ngozi msimu wa mvua zitalegea. Ziote jua, au moto wa majani makavu kwa umbali wa mkono, ukizigeuza. Zikisogezwa karibu zaidi ngozi inapasuka, na ya mbuzi hupasuka upesi kuliko ya ng’ombe.

Uma nimeufunga ndani ya soksi, mbali na dumu la asali ya mama yako. Ukiupokea nipigie, na uniambie kwenye daftari kundi la kati lina wangapi, nikuandikie huo mstari wa noti tano.

Baba yako