Usimpe baba yako vidonge hivyo vya antioksidanti

Usivinunue, na kama umekwisha kuvinunua, usimpe. Umeandika kwamba baba yako ana kisukari, kwamba amevuta sigara tangu ujana wake, na kwamba muuzaji mmoja amekuhakikishia kuwa magonjwa yote hutokana na mkazo wa oksidesheni, yaani wingi wa molekuli kali za oksijeni ambazo antioksidanti husemwa kuzizima, kwa hiyo mzee akimeza kila asubuhi kabla ya kula vidonge vya chai ya kijani iliyokolezwa, pamoja na vya betakarotini, ile kemikali inayoipa karoti rangi yake, mwili wake utasafishwa. Ukauliza kipi kati ya hivyo kina nguvu zaidi, kinywewe saa ngapi, ni mboga na matunda gani ya kuongezea, na kama wewe mwenyewe unaweza kuvitumia kwa ajili ya ngozi. Nimelisoma swali lako kwa hofu, kwa sababu maneno uliyoambiwa ndiyo niliyoambiwa mimi, karibu neno kwa neno, na yaliniponza ini.

Mimi niliambiwa kwamba chai ya kijani ni majani tu, kwamba watu wameinywa kwa karne nyingi, na kwamba kitu cha asili hakiwezi kumdhuru mtu. Katika kauli hiyo kuna ukweli kuhusu kikombe cha chai, lakini hakuna ukweli wowote kuhusu kidonge. Kemikali inayosifiwa katika majani hayo huitwa kwa kifupi EGCG, na ni mojawapo ya katekini, kundi la kemikali za mimea zinazohesabiwa kuwa antioksidanti. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilipolichunguza jambo hili mwaka 2018, ilikadiria kwamba mnywaji wa kawaida wa chai ya kijani hupata wastani wa miligramu 90 hadi 300 za EGCG kwa siku, wakati vidonge vinavyouzwa kama virutubisho vinaweza kumpa hadi miligramu 1,000. Mamlaka hiyo ilihitimisha kwamba kuanzia miligramu 800 kwa siku, zikimezwa kama kirutubisho, vimeng'enya vya ini, yaani protini zinazofanya kazi ndani ya seli zake, hupanda katika damu, na kupanda huko ni dalili kwamba seli za ini zinaumia. Anayekunywa chai hunywa kidogo kidogo, mara nyingi pamoja na chakula, na EGCG humwingia taratibu mchana kutwa; anayemeza kidonge hulishushia ini mzigo wote kwa mara moja, kwa kuwa karibu kila kinachofyonzwa na utumbo hupitia kwenye ini kwanza kabla ya kusambaa mwilini.

Na hapo ndipo lile sharti la kumeza kabla ya kula linapokuwa la hatari. Majaribio yaliyofanywa kwa watu wenye afya yameonyesha kwamba EGCG ikimezwa tumbo likiwa tupu, kiwango chake katika damu hupanda zaidi ya mara tatu ya kile kinachoonekana ikimezwa pamoja na chakula. Muuzaji wangu aliusifu utaratibu huo kuwa ndio unaofanya dawa "iingie vizuri", na kwa kweli iliingia. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2022 inataka bidhaa za aina hiyo ziwe na EGCG chini ya miligramu 800 kwa siku na ziandikwe wazi kwamba zisitumiwe tumbo likiwa tupu, wala zisitumiwe na wajawazito, wanaonyonyesha na watoto. Kopo langu halikuwa na onyo lolote. Lilikuwa na picha ya jani na neno "asilia".

Dalili zilianza kwa uchovu, kisha chakula kikanichukiza, ngozi ikaanza kuwasha, mkojo ukawa na rangi nzito kama ya chai ya rangi, na hatimaye weupe wa macho ukageuka njano. Nilimweleza muuzaji kila hatua. Akanijibu kwamba hizo ni sumu zinazotoka mwilini, kwamba ni ishara kuwa dawa inafanya kazi, na kwamba nisiikatishe njiani bali niongeze kipimo ili usafishaji umalizike haraka. Hadi leo siwezi kulisamehe jibu hilo. Mtu asiyejua kazi ya ini, asiyewahi kumsomea mgonjwa majibu ya maabara, alipewa taarifa ya dalili ambazo mwanafunzi yeyote wa uuguzi angezitambua, akazigeuza kuwa sababu ya kuuza kopo la pili. Sina ugomvi na mtu anayeuza asichokijua kwa nia njema, lakini anayeambiwa kwamba mteja wake amekuwa na macho ya njano na bado akamwagiza aongeze dawa anastahili kuitwa mharibifu.

Hospitalini nilipoulizwa dawa ninazotumia, nilijibu kwamba situmii dawa yoyote, kwa sababu nilikuwa nimefundishwa kwamba vidonge vile ni chakula. Madaktari wakapoteza muda wakitafuta virusi vya homa ya ini na mawe katika njia ya nyongo, nami nikiendelea kumeza vidonge kitandani kwa imani kwamba vinanisaidia. Ukweli ulijulikana pale daktari mmoja alipoacha kuuliza habari ya dawa na kuuliza badala yake: "Kuna kitu chochote, hata cha mitishamba, unachomeza kila siku?" Nilipoacha, vimeng'enya vilianza kushuka polepole na ini likapona. Si kila mtu hupata bahati hiyo, kwa maana wapo waliofikia hatua ya kubadilishiwa ini na wapo waliofariki. Ni matukio machache ukilinganisha na idadi ya watumiaji, lakini hakuna dalili ya nje inayokuonyesha mapema kwamba wewe ndiye utakayedhurika. Tena jambo hili halikugunduliwa jana: mwaka 2003 Ufaransa na Hispania ziliondoa sokoni bidhaa ya kupunguza uzito iliyotengenezwa kwa chai ya kijani iliyokolezwa, baada ya watumiaji wake kuumia ini.

Sasa kuhusu hadithi kwamba magonjwa yote ni oksidesheni. Msingi wake upo. Denham Harman alipendekeza mwaka 1956 kwamba radikali huru, yaani molekuli kali zisizotulia, huchangia uzee, na mwaka 1985 Helmut Sies alilieleza wazo la mkazo wa oksidesheni, yaani hali ambapo molekuli kali za oksijeni huzidi uwezo wa mwili wa kuzidhibiti. Hali hiyo huonekana katika kisukari, katika mishipa iliyoziba na katika mapafu ya mvutaji. Lakini kuonekana mahali pa ugonjwa si sawa na kuusababisha, na hata pale inapochangia, haimaanishi kwamba kidonge kitaizima. Mwili unazihitaji molekuli hizo: seli nyeupe za damu huzitumia kuua vijidudu, na wanaozaliwa bila uwezo wa kuzitengeneza katika seli hizo huandamwa na maambukizi mazito maisha yao yote. Mwili una vimeng'enya vyake vya kuzidhibiti pia. Kemikali nyingi za mimea zinazosifiwa kwenye makopo hufyonzwa kwa kiasi kidogo, hubadilishwa upesi na ini na utumbo, kisha hutolewa. Faida zake nyingi huenda hutokana na kuchochea ulinzi wa mwili wenyewe kuliko kupambana na radikali moja kwa moja. Ndiyo maana zile namba za "nguvu ya antioksidanti" zilizopimwa kwenye chupa za maabara hazikusaidii kuchagua kipi kina nguvu zaidi, na Wizara ya Kilimo ya Marekani yenyewe iliondoa jedwali lake la namba hizo mwaka 2012 kwa sababu zilikuwa zikitumiwa vibaya na wauzaji.

Kuhusu betakarotini, baba yako ni mvutaji, na kwa mvutaji jibu halina utata. Watafiti walikuwa wameona kwamba wanaokula mboga na matunda kwa wingi hupata saratani ya mapafu kwa uchache, wakadhani betakarotini ndiyo inayowalinda. Huko Ufini waliwapa wavutaji wanaume miligramu 20 kwa siku katika jaribio la watu 29,133, na matokeo yaliyotolewa mwaka 1994 yalionyesha kwamba waliopewa betakarotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa. Marekani ilikuwa na jaribio lake la watu zaidi ya 18,000, wengi wao wavutaji au waliowahi kuvuta, waliopewa betakarotini pamoja na vitamini A. Lilisimamishwa mapema Januari 1996, saratani ya mapafu ikiwa imeongezeka kwa asilimia 28 na vifo kwa asilimia 17. Karoti haijawahi kumfanyia mvutaji jambo hilo. Kemikali ileile, ikitolewa ndani ya mmea, ikakolezwa na kumezwa kila siku, ilifanya kinyume cha ilichotarajiwa.

Kwa hiyo kanuni ninayokusihi uishike ni moja: mzee ale mmea, asimeze kilichokamuliwa kutoka ndani yake. Akitaka chai ya kijani, aipike na kuinywa. Akitaka karoti, aitafune. Lolote linalokuja kwenye kopo likiwa limekolezwa, daktari wake alione kopo lenyewe, pamoja na orodha yote ya dawa zake za kisukari, kabla hajameza hata kidonge kimoja.

Na kama amekwisha kuanza, aache leo hii, usingoje jibu la muuzaji. Mtazame macho mchana penye mwanga wa jua, muulize rangi ya mkojo wake na kama ngozi inamwasha, kisha mpeleke apimwe ini hata kama atasema anajisikia vizuri. Nenda na kopo mkononi.