Kuabudu si zile nyimbo za taratibu tu

Ndugu, umeuliza kama kuabudu ni zile nyimbo za taratibu zinazofuata mapambio, na Mungu anapata faida gani. Neno la Kigiriki linalotumika sana Agano Jipya, proskuneo, ni kusujudu: magoti chini, uso chini. Mwanzo 22 Ibrahimu anasema anakwenda kuabudu, na mkononi ana moto na kisu vya kumtolea Mungu dhabihu. Kinanda hakuna! Paulo naye, Warumi 12:1, anataka miili yetu iwe dhabihu iliyo hai, kwa hiyo hata kumsamehe mdeni wako Jumatatu ni ibada. Faida? Zaburi 50:12 Mungu anasema hata angeona njaa asingetuambia. Anayebadilika ni anayesujudu. Nyimbo tuimbe tu, mimi mwenyewe nipo kwaya.