Kufungua akaunti kwenye Unix ya mtandao: anzeni na namba

Nyie mnaoanza uadmini, hasa mahali penye mashine nyingi na /home (penye folda za watumiaji) inatoka kwenye seva moja kwa NFS, yaani mfumo wa kutumia folda za seva kupitia mtandao, shikeni hili mapema kabla hamjaandika komandi yoyote: mashine haimjui asha wala juma, inajua namba tu. Faili ya mtu kule kwenye diski imeandikwa UID, yaani namba ya mtumiaji, lile jina mnaloliona ukipiga ls -l linatafutwa tu kwenye /etc/passwd wakati wa kuonyesha. Pigeni ls -ln muone wenyewe.

Sasa kazi ipo hapa. Useradd, komandi ya kufungua akaunti, ikiachwa ijichagulie inachukua namba inayofuata ile kubwa iliyopo, na kwa Linux nyingi za siku hizi watu wa kawaida wanaanzia 1000. Mashine ya kwanza umeanza na asha, ya pili umeanza na juma, basi huku 1000 ni asha na kule 1000 ni juma. Zikiwa kila moja na diski yake hamna neno, ila mkishaunganisha /home kwa NFS ya kawaida seva inaamini namba inayoletwa na mashine ya mbele (ile anayokalia mtumiaji, siyo seva), kwahiyo juma anasoma na kufuta faili za asha kama zake na hakuna error hata moja itakayotokea, ndo maana inaweza kukaa muda mrefu bila mtu kushtuka.

Kwahiyo wekeni daftari moja la namba, na kila akaunti ipeni namba kwa mkono. Kwanza ulizeni kama iko wazi, mfano 2015:

getent passwd 2015

Isipojibu kitu, hapo kwenye seva:

useradd -m -u 2015 -s /bin/bash asha
passwd asha
chage -d 0 asha

Hiyo ya mwisho inamlazimisha abadili paswadi akiingia mara ya kwanza. Msitumie -p mkaandika paswadi hapo hapo, ile inataka iliyokwisha kufichwa tayari na tena mwingine anaweza kuiona kwenye ps, ile orodha ya programu zinazoendeshwa. Na -m, inayotengeneza folda yake, ifanyeni kwenye seva yenyewe, maana ukiwa mashine ya mbele root_squash (kinga ya NFS) inamgeuza root, yule msimamizi mkuu, kuwa nobody asiye na ruhusa na folda haitengenezwi, watu wanahangaika sana hapa wanadhani diski imeharibika.

Kumuongeza mtu kwenye kundi ni usermod -aG, ukisahau ile a unamtoa kwenye makundi yake mengine yote, na kama kundi la sudo (la kutumia mamlaka ya root) lilikuwemo ndo imeenda.

Kama kazini kwenu bado wanatumia NIS, mfumo wa zamani wa kugawia mashine zote orodha moja ya watumiaji, ukishaongeza mtu kwenye seva kuu piga make -C /var/yp, bila hivyo mashine nyingine hazitamjua. (Zile komandi zinaanza na yp kwasababu kampuni ya Sun iliyoitengeneza waliiita Yellow Pages mwanzoni, jina likawa na mwenyewe Uingereza wakabadilisha.) Lakini kama mnajenga upya, naomba sana nendeni LDAP, mfumo mwingine wa kazi hiyo hiyo, kwenye NIS mtu yeyote akipiga ypcat passwd kwa kawaida anaona hashi (paswadi zilizofichwa) za wote.

Mtu akiondoka msikimbilie userdel, ile ya kufuta akaunti. Usermod -L inafunga paswadi tu, mwenye ufunguo wa SSH (wa kuingia kwa mbali bila paswadi) anaendelea kuingia, ongezeni chage -E 1, inayoimaliza muda akaunti nzima. Na mkija kumfuta kabisa, ile namba yake msimpe mwingine kamwe, maana faili alizoacha nje ya folda yake zinabaki na namba hiyo na mgeni atazirithi. Useradd yenyewe itairudisha kama ndo ilikuwa kubwa kuliko zote, ndo maana nasisitiza -u. Zilizobaki bila mwenyewe mtazipata hivi, pigeni kwenye seva:

find /home -nouser -ls