Mashaka na Utofauti Visichanganywe Katika Modeli ya Famakokinetiki

Anayejenga modeli ya famakokinetiki, yaani hesabu za jinsi kemikali inavyoingia, kusambaa, kubadilishwa na kutoka mwilini, ili kutathmini hatari za kemikali hukabiliwa na mambo mawili: watu hutofautiana kikweli (utofauti), na mtaalamu mwenyewe hajui mengi (mashaka). Kwa uzoefu wangu, tathmini nyingi hupoteza maana pale mambo hayo yanapotiwa katika mgawanyo mmoja wa takwimu, yaani maelezo ya thamani zinazowezekana na uwezekano wa kila moja. Utofauti wa uzito, umri au kasi ya vimeng'enya vya ini hauondoki hata ukipima maelfu ya watu, ila utaufahamu vizuri zaidi. Mashaka hupungua kadiri vipimo vinavyoongezeka.

Dikloromethani, kemikali ya kuyeyushia, inalionyesha hilo wazi. Njia mojawapo ambayo mwili huibadilishia, ile inayohusishwa na saratani, hutegemea kimeng'enya kinachotokana na jeni ya GSTT1, nao wapo watu wasio na jeni hiyo kabisa. Ukitumia mgawanyo mmoja wenye kilele katikati, utakuwa unamkadiria mtu ambaye hayupo. Mimi huwagawa watu kwanza kwa aina ya jeni, kisha hueleza utofauti ndani ya kila kundi.

Katika uigaji wa Monte Carlo, yaani kurudia hesabu mara nyingi kwa thamani zinazochotwa kwa bahati nasibu, nashauri mizunguko miwili, mmoja ndani ya mwingine: wa nje uchote thamani za mashaka, wa ndani uchote watu. Hapo utaweza kusema dozi inayomfikia mtu anayewazidi asilimia 95 ya wenzake ni kiasi gani, na pia makadirio hayo yenyewe yanayumba kwa kiasi gani. Chunga vigezo (namba zinazoingizwa kwenye modeli) vinavyofungamana. Mtiririko wa damu kwenye viungo vyote ukijumlishwa lazima ulingane na damu inayosukumwa na moyo. Ukichota kila kigezo peke yake utaunda binadamu ambaye ini lake linapokea damu nyingi kuliko moyo unavyotoa, na programu haitalalamika hata kidogo.

Ukiwa na vipimo vya watu mmoja mmoja, mbinu ya takwimu ya Bayes yenye ngazi (ngazi ya mtu mmoja na ngazi ya kundi zima, zikiunganisha maarifa ya awali na vipimo), kama watafiti Gelman, Bois na Jiang walivyoitumia kwa kemikali ya tetrakloroethileni mwaka 1996, hutenganisha hayo mawili vizuri kuliko kubahatisha migawanyo.

Jambo jingine ni kigawanyo cha usalama cha 10, ambacho dozi hugawanywa kwacho kwa ajili ya utofauti wa binadamu. Mpango wa kimataifa wa usalama wa kemikali (IPCS) hukigawa katika 3.16 ya kinetiki (mwili unavyoitendea kemikali) na 3.16 ya dinamiki (kemikali inavyoutendea mwili), ambazo zikizidishwa hutoa 10. Modeli yako, hata ikiwa bora namna gani, inaweza kuchukua nafasi ya sehemu ya kwanza tu. Ya pili ibaki palepale mpaka upate takwimu za dinamiki.